Goti la Mkamwana

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani huchagua mwisho wa benchi, karibu na mlango, ili misa ikiisha niwe wa kwanza kutoka. Biashara yangu ni asali. Miaka na miaka nimeifuata Ipole na vijiji vya kule ndani kwa pikipiki yangu mwenyewe, madumu yamefungwa nyuma kwa mpira, na jioni nikirudi mjini nina vumbi mpaka kwenye meno. Watu wa Mtendeni, mtaa wetu hapa Tabora, wamenizoea. Akionekana mwanamke juu ya pikipiki, helmeti kichwani na kanga kiunoni, hawaulizi ni nani.

Kwa hiyo siku niliyoambiwa kwamba sasa kazi yangu ni kukaa, niliona nimehukumiwa bila kosa.

Kilichoniponza ni mchanga. Pikipiki iliteleza nikiwa natoka kwa wafuga nyuki, nikatia mguu chini kuizuia, mguu ukabaki palepale huku mwili umegeuka. Nikasikia kitu kikilia ndani ya goti. Niliinuka, nikalifuata dumu lililoangukia kichakani, nikaligeuza huku na huku kuona kama linavuja. Halikuvuja, nikaendelea na safari. Dumu nililikagua kuliko nilivyojikagua mwenyewe. Tangu hapo goti likawa na vituko: linakwama katikati ya hatua, linaachia, linavimba, linanywea. Nililichua kwa mafuta ya kila aina, nikalikanda kwa maji ya moto, nikalipaka hata asali yenyewe. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mizigo na siku nyingi yuko njia ya Kigoma, alikuwa akinipigia simu kuniuliza kama nimekwenda hospitali, nami namjibu kwamba nitakwenda msimu wa asali ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine.

Mwishowe nikapelekwa hospitali kubwa, mbali na kwetu. Daktari aliniambia kwamba kwenye kichwa cha mfupa kuna gegedu, kile kitu cheupe laini tunachotafuna mwisho wa paja la kuku, na kwamba langu limebanduka kipande na kuacha shimo. Wakaingia na kamera kupitia tundu dogo, wakalisafisha lile shimo, wakautoboa mfupa vitundu vidogo ili damu itoke, igande, ipande gegedu jipya. Nililipenda sana hilo neno, kupanda. Lakini yaliyofuata sikuyapenda. Hicho kilichopandwa ni kichanga, akasema, kikipata uzito mapema kinasagika, na kikisagika hakuna uhakika wa kupanda tena. Nitembee na magongo, mguu usikanyage mpaka niambiwe. Wakati huohuo nilikunje goti na kulinyoosha kila siku, mara nyingi, taratibu, lisije likaganda. Kuchuchumaa marufuku. Kupiga goti marufuku kabisa, hilo litakuwa la mwisho kuruhusiwa, huenda mwakani.

Alilisema hilo la mwisho huku anaandika, kama jambo dogo. Hakujua anaongea na mkamwana wa Kinyamwezi anayeishi nyumba moja na baba mkwe wake.

Kwetu mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hamsalimii baba mkwe akiwa wima. Anapiga magoti yote mawili, anainamisha macho, anatoa salamu, anasubiri kuitikiwa. Hakai kwenye kiti mbele yake. Hali chakula pamoja naye. Hapiti mbele yake, na akiwa na kitu cha kumpa, anakiweka chini au mezani, yeye ndiye akiokote, kwa sababu mikono yao haikutani. Mjini wengi wameyapunguza haya, na wapo wakwe wanaotaniana na wakamwana zao kama marafiki. Baba mkwe wangu si wa hao. Ni mtu wa kijijini, ng'ambo ya Isikizya, mkulima wa mahindi na tumbaku, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, mrefu, mkimya. Mama mkwe alipofariki alibaki peke yake kwenye nyumba yake kule, na siku moja jirani aliyepitia kuomba moto alimkuta amelala uani kifudifudi, presha imemwangusha. Alikuwa amelala hapo tangu asubuhi. Mume wangu alimfuata, akamleta Mtendeni, akasema hataishi tena peke yake. Mimi ndiye niliyetandika kitanda chake.

Hatukuwa tumezungumza, mimi na yeye, katika ndoa yangu yote. Nasema kweli. Asubuhi napiga magoti, nasema, "Mwangaluka, baba," naye anajibu, "Mwangaluka, mkamwana." Jioni hivyo hivyo, kwa salamu ya jioni. Akihitaji kitu anamwambia mwanawe au anaiambia hewa: "Maji ya kunywa yamekwisha." Nami nayaleta. Sikuona ubaya wake. Nilimheshimu, na nadhani nilimpenda pia, kwa namna mtu anavyompenda mtu ambaye hajawahi kumtazama machoni.

Sasa nirudishwe nyumbani kutoka hospitali na magongo mawili na goti lililofungwa. Nyumba yetu sebule iko katikati. Ukitoka chumbani kwangu kwenda uani, jikoni au chooni, huna budi kupita sebuleni, na sebuleni ndipo baba mkwe anapokaa kutwa, kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango wa mbele, redio ndogo pajani.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yake nimening'inia kwenye magongo, mguu mmoja hewani, nikainamisha kichwa kadiri nilivyoweza, nikasema, "Mwangaluka, baba." Aliitikia huku anatazama sakafu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kesho yake, aliposikia magongo yanagonga sakafu, akageuza kiti, akaangalia barabarani, mgongo kwangu. Ikawa ndiyo desturi. Kila nikitoka chumbani, kiti kinalalamika kwenye simenti, mgongo unageuka. Siku nyingine anainuka kabisa na kutoka nje juani. Nikajua amekasirika. Mzee amefika mwisho wa maisha yake, amekosa heshima ndani ya nyumba ya mwanawe.

Ndipo nilipoanza kufanya ujinga wangu. Yale mazoezi ya kukunja mguu nilitakiwa niyafanye nikiwa nimekaa chini au nimelala, mguu umenyooshwa, kisigino kinateleza juu ya sakafu kuja huku na kwenda kule. Chumbani kwangu kitanda kimejaza chumba, sakafu yenyewe inatosha ndala tu. Pa kufanyia ni sebuleni. Sasa mimi nilale sebuleni, mguu juu, kanga inapanda, mbele ya baba mkwe? Bora nife. Nikasema nitayafanya akitoka. Lakini mzee hakutoka ila kwenda misa ya Jumapili, au kusimama nje ninapopita, na hapo huwezi kujua atarudi lini. Nilikaa kitandani nikisikiliza redio yake ukutani, nangoja atoke, hatoki. Nikajaribu juu ya godoro, kisigino kinazama. Siku zikapita. Nilikuwa nakunja kidogo kidogo, kwa wizi.

Jamani, kukaa kunachosha. Nilihesabu mabati. Nilisikia pikipiki zinapita barabarani nikawa nazitambua kwa mlio, hii inahitaji oili, hii mnyororo umelegea. Wafuga nyuki wangu walipiga simu kuuliza kama nakuja, nikawaambia nakuja, kana kwamba ni kesho. Watu wa huku tunajisifu kwamba mababu zetu walibeba pembe na vitambaa kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na wakifika wanauliza safari nyingine inaondoka lini. Mimi mjukuu wao nilikuwa nafikiri nusu saa nzima kabla ya kwenda chooni. Chooni kwenyewe mume wangu alikuwa amekata kiti cha plastiki katikati akakisimika juu ya tundu. Kilitikisika. Nilikilaani kila siku na kila siku nilikishukuru.

Aliyeniokoa na wazimu ni jirani yangu. Ni mama wa Kiislamu, ukoo wao uko Tabora tangu enzi za misafara, fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Ana friji na anauza barafu za ubuyu. Kila alasiri alikuja na mfuko wake, akanipanga barafu za ubuyu kuzunguka goti, uvimbe upungue, na zikianza kuyeyuka tunazinywa. Alizungumza na baba mkwe bila shida yoyote, "Shikamoo babu, umeshindaje, leo jua kali," naye mzee anamjibu vizuri, wakati mwingine hata anacheka. Niliwasikia nikiwa chumbani, nikaona wivu. Siku nilipomweleza jinsi mzee anavyonipa mgongo kwa sababu simpigii magoti, aliacha kunywa.

"Sisi msikitini mwenye goti bovu anapewa kiti, anaswali amekaa, na Mungu hakasiriki," akasema. "Mkweo ni mkubwa kuliko Mungu?"

Nilicheka, lakini sikufarijika. Mungu haishi sebuleni kwangu.

Siku ya kurudi kliniki nilipelekwa na bajaji. Hospitali ya hapa kuna chumba cha mazoezi, na ndani yake kuna dada mmoja wa fiziotherapia, mtaratibu wa kukera. Kuna baiskeli humo isiyo na matairi, unakanyaga huendi popote, na mimi nilipoiona tu nilijua ni adhabu iliyotengenezwa kwa ajili yangu. Lakini sikufika kwenye baiskeli. Alinilaza, akashika kisigino changu, akaanza kulikunja goti. Likaja, likaja, likagoma. Akachukua rula yake ya plastiki yenye mikono miwili, akapima pembe, akapima tena. Akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikasema nafanya. Akaniuliza tena kwa sauti ileile. Nikatazama ukutani.

Alinieleza kwamba kovu linajifunga ndani, na likikomaa goti litabaki hivyo hivyo, nusu, na gegedu jipya nalo linahitaji mwendo ili liote. Mtu asiyekunja goti hawezi kupanda pikipiki. Alijua pa kunipiga. Nilitaka kumweleza habari za mkwe lakini nikaona atanicheka, maana alionekana mtu wa mahali pengine. Nikatoka pale nina hasira na kila mtu: na mchanga, na daktari, na mila, na mzee na redio yake.

Nilipofika nyumbani mume wangu alipiga simu. Baba amemwambia anataka kurudi kijijini mwisho wa wiki. Nikauliza kwa nini. Akasema baba hakusema sababu, amesema tu kwamba hapa hapamfai. Halafu akaongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyekaa nyuma ya usukani siku nzima, "Sijui umemfanya nini mzee."

Nilimkatia simu. Nimemfanya nini? Nimempikia kwa mguu mmoja, nimeegemea meza ya jikoni nikisonga ugali na gongo kwapani. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na picha moja iliyokataa kuondoka: mzee kifudifudi kwenye ule ua wake, na jua linapanda. Safari hii nani angekwenda kuomba moto? Akirudi kule atakufa, na watu watasema aliondoka kwa mwanawe kwa sababu mkamwana hakumpa heshima. Na mimi mwenyewe ningelisema.

Siku yenyewe ilipofika nilimsikia tangu alfajiri anapanga vitu vyake. Mume wangu alikuwa njiani, simu haipatikani. Jirani alikuwa amekwenda soko kuu kununua vitambaa. Nilipotoka chumbani mzee alikuwa amesimama mlangoni, koti lake la mvua mkononi japo si masika, begi limefungwa kwa kamba, anangoja bodaboda. Aliposikia magongo akageukia barabarani, kama kawaida.

Sikupanga. Niliyaegemeza magongo ukutani, nikashika fremu ya mlango wa chumba, nikateremsha kwanza goti zima. Nikalishusha na la pili. Lilikataa pale lilipozoea kukataa, nami nikalilazimisha kwa uzito wangu wote, kikakatika kitu ndani, na nikawa chini, magoti yote mawili kwenye simenti, kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, baba," nikasema. "Usiondoke. Kama nimekukosea, nisamehe, lakini usiondoke."

Akageuka. Mara ya kwanza nikaona macho yake yote, maana yangu nilisahau kuyainamisha kwa maumivu. Alitazama goti, akatazama magongo ukutani. Hakuitikia salamu. Nikajaribu kuinuka, mguu haukutaka. Nikajaribu kwa mikono, nikateleza, nikaanguka ubavu, kanga imekwenda upande. Nikaanza kulia, si kwa maumivu tu. Mzee alikwenda mlangoni akamwita jirani kwa sauti kubwa. Kimya. Akaita tena. Akarudi, akasimama juu yangu, mikono yake imenyooka mbele na haishuki. Nilijua anachopigana nacho. Mikono hiyo haikuwahi kupokea hata kikombe kutoka mkononi mwangu.

Kisha akapiga goti lake moja, akaniingiza mikono kwapani, akaninyanyua. Mzee ana nguvu bado. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanifunika miguu na lile koti la mvua, akasimama kando anahema. Bodaboda ilipofika alimwambia kijana hahitaji kwenda Isikizya, akamtuma alete bajaji. Ndani ya bajaji alijibana mbele na dereva, mimi nyuma peke yangu.

Yule dada wa mazoezi alipolifunua goti hakuwa mtaratibu tena. Lilikuwa limeumuka, limejaa moto. Akaniuliza nani aliyeniambia nipige goti. Nilitafuta uongo wa kumpa, nisiupate. Mzee alikuwa amesimama kwenye korido, mlango wazi, kofia mkononi.

"Ni sisi," akasema.

Dada akamtazama, akanitazama, akainama kwenye kazi yake. Daktari alikuja akalibonyeza huku na huku. Alisema huenda ni lile kovu lililopasuka, na hilo halina neno kubwa, au huenda ni kile kilichopandwa kimeharibika, na hilo hawezi kulijua mpaka uvimbe ushuke na nirudi kupigwa picha. Nianze upya na magongo. Nikunje, ninyooshe, ningoje. Kungoja! Nilimwitikia ndiyo, maana sikuwa na pa kwenda.

Siku chache baadaye mzee akaondoka kweli. Alimwambia jirani tu kwamba anakwenda kijijini, akapanda basi asubuhi. Begi aliliacha, lakini sikujua maana yake, nikadhani ameona aibu hata kulibeba. Nilikaa kitandani nikalaumu goti, nikalaumu mdomo wangu ulioshindwa kusema kitu cha maana zaidi. Jirani alikuja na barafu zake, akaniona, hakutania.

Alasiri mzee akarudi. Alikuwa na dada yake, bibi mfupi mwenye kilemba, na kuku jike mweupe aliyefungwa miguu. Bibi akaingia chumbani kwangu akanieleza. Kwa ukoo wao, mwiko kati ya mkwe na mkamwana ukivunjika, hata kwa dharura, hauachwi hivi hivi. Baba mkwe anatoa kuku, wanakula pamoja wawili hao mbele ya shahidi, na haya inaondoka. Wengine wanalifanya hilo baada ya mwaka wa ndoa, akasema, kaka yake alikuwa mgumu siku zote. Ikiondoka, imeondoka. Hakuna tena magoti wala kugeuza uso.

Kuku alichinjwa na mume wa jirani, ili wote tule. Bibi akapika. Nikaletwa sebuleni, nikakalishwa kwenye kiti, na mbele yangu, kwenye kiti kingine, akakaa baba mkwe, sinia la ugali na kuku kati yetu. Sikujua kula mbele yake. Mkono ulikuwa mzito. Alimega tonge, akalichovya, akala, akangoja. Nikamega na mimi. Tulikula, bibi akitutazama kama tunafanya mtihani. Nilikuwa nimeyachukia yale magoti miezi yote, na sasa yanaondolewa nikaona yananiacha mtupu, maana ndiyo maneno pekee tuliyokuwa nayo. Nitamwambia nini sasa mtu huyu?

Yeye ndiye aliyeanza. Alinawa mikono, akafuta, akaiangalia.

"Nilikuwa nageuza kiti ili upite," akasema. "Nikaona hata nikigeuka hupiti vizuri. Nikaona nakunyima nyumba yako. Ndiyo sababu niliaga."

Bibi akainuka taratibu, akabeba sinia, akaenda nalo uani.

"Linauma?" akauliza.

Kila mtu alikuwa ameshaniuliza hivyo, na kila mtu nilimjibu kwamba ni nafuu, namshukuru Mungu. Mume wangu nilimwambia hivyo, na jirani, na wafuga nyuki kwenye simu. Yeye alikuwa hajawahi kuniuliza swali lolote maishani.

"Linauma, baba," nikasema. "Na naogopa. Naogopa nimeliharibu."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuniambia halijaharibika, na nilimshukuru kwa hilo. Alinyanyuka, akachukua mkeka nyuma ya mlango, akautandika katikati ya sebule, akausawazisha pembe kwa mguu. Halafu akarudi kwenye kiti chake, akaizima redio.

Nilishuka kwenye mkeka kwa matako, polepole, kama nilivyofundishwa. Nikanyoosha mguu mbele yake. Kanga ilipanda, nikaiacha. Nikavuta kisigino kuja kwangu, na goti likaja kidogo, likafika pale linapogoma, machozi yakanitoka, nikalisukuma mpaka likatoa sauti, nikaliachia. Nikamtazama mzee. Alikuwa ananiangalia, mikono juu ya mapaja, jasho kwenye paji lake kana kwamba ni yeye aliyevuta.

"Tena," akasema.